Daktari anayekwepwa na marubani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako. Mimi ni daktari kijana, nimemaliza mafunzo ya vitendo hospitalini, na fomu ya kujiunga na jeshi niwe daktari wa marubani iko mezani wiki ya pili sasa. Sijaijaza.

Wamarekani humwita daktari huyu mpasuaji, lakini kazi yake si kupasua. Huwatunza wanaoruka. Mtu akikosa oksijeni kwenye kimo cha futi 25,000, ana dakika 3 hadi 5 tu za kufikiri sawasawa. Kwenye futi 35,000 hazizidi sekunde 60. Kibaya zaidi, anaweza kujisikia mchangamfu kabisa huku akili inamtoka. Ndiyo maana marubani huketishwa kwenye chumba maalumu ardhini, hewa ikapunguzwa, kila mmoja ajue dalili zake mwenyewe: huyu vidole vinamchonyota, yule anaona rangi zinafifia. Elimu hii naipenda kwa moyo wote. Miaka yote nimefundishwa mwili uliougua. Hapa ni mwili wenye afya uliopelekwa mahali usipoumbiwa.

Hofu ya kusahau kazi ya wodini ninayo, maana wagonjwa wangu watakuwa vijana wazima. Hiyo nitaimudu kwa kuomba zamu hospitalini.

Linalonizuia ni habari ya baba yangu mdogo. Alikuwa rubani wa jeshi. Siku moja aliamka na mafua mazito, akanyamaza, akaruka. Ndege iliposhuka, mgandamizo wa hewa ukaongezeka, na mrija wa kutoka kooni hadi sikioni ulikuwa umeziba. Kiwambo cha sikio kikapasuka, kizunguzungu kikamshika akiwa bado angani. Alitua kwa taabu. Nilipomuuliza kwa nini hakumwona daktari, alinijibu: "Mwanangu, ukimwona unaweza kuzuiwa kuruka. Usipomwona, unaruka."

Na daktari yule alikuwa rafiki yake! Walikula meza moja. Lakini sahihi yake ndiyo ingemweka baba mdogo chini, na kamanda alikuwa akiisubiri sahihi hiyo. Mgonjwa anayenificha mafua leo, kesho atanificha maumivu ya kifua, au kwamba hajalala siku tatu kwa mawazo.

Nimeambiwa kwamba daktari anayepanda ndege pamoja nao, akatapika mbele yao na kukaa nao wanapojadili safari, huaminiwa zaidi. Naliamini hilo. Maofisa walionipa fomu walinieleza mshahara, nyumba na cheo. Nilipowauliza nitaruka mara ngapi kwa mwezi, walisema hayo yatajulikana baadaye. Kwangu hilo ndilo la kwanza, na bila jibu la maandishi sitatia sahihi.

Wasomaji mliowahi kuifanya kazi hii, nijibuni kupitia gazeti hili: je, kuna rubani aliyewahi kubisha mlango wako mwenyewe, kabla hujamwita? Ulifanya nini hata akaja? Fomu inatakiwa mwisho wa mwezi.

Daktari Kijana