Yaya, wale vijana wa New Market

Yaya,

Mkubwa wangu, simu zangu hupokei, jumbe zangu unaziacha bila kuzifungua. Basi nakuandikia hapa. Najua watoto wa shangazi watakusomea hata kama hutaki.

Unakumbuka ile sanamu ya Cheapside, mwaka wetu wa kwanza hapa Lexington, Kentucky, tulipokuwa tunangojea basi na yale makoti ya msaada yaliyotuzidi mikono? Uliniuliza ni nani yule, nikakujibu ni mzungu wa zamani. Wameshaihamisha, waliiondoa 2017, sasa iko makaburini. Jumapili nilikwenda kuitazama. Nimemsoma huyo bwana miezi mitatu, Yaya, na kila ukurasa nakuona wewe.

Ni John C. Breckinridge. Alizaliwa hapa hapa mwaka 1821, na baba yake akafa yeye akiwa na miaka miwili tu. Akasomea sheria, akawa wakili, na mdomo aliojaliwa ukamfikisha kwenye Bunge, kisha kwenye kiti cha makamu wa rais wa Marekani akiwa na miaka 36. Hakuna aliyewahi kukikalia kiti hicho akiwa mdogo kuliko yeye. Mwaka 1860 aligombea urais, Lincoln akamshinda. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Kentucky ikabaki na serikali, yeye akavuka kwenda kwa majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kulinda utumwa. Seneti ikamfukuza kama msaliti. Baba yake mdogo, mchungaji, alisimama na Lincoln, na wana wa mchungaji huyo wakagawana, wengine huku wengine kule. Nyumba moja hiyo.

Askari wake wa Kentucky waliitwa Mayatima, maana kwao hawakuweza kurudi. Tarehe 2 Januari 1863, kule Murfreesboro, mkuu wake alimwamuru awapeleke uwanja wazi mbele ya mizinga. Alibisha, halafu akatii. Kwa muda wa saa moja na kitu, zaidi ya watu 1,500 wa kikosi chake walikufa, wakajeruhiwa au wakatekwa. Wanasema alilia akiwaita Mayatima wake. Namwamini kwamba alilia. Lakini pale sanamu yake iliposimama miaka 130 palikuwa soko la watu. Mama walipandishwa mnadani pale, watoto wakivutwa upande mwingine. Hicho ndicho Mayatima walichofia, na machozi ya jenerali hayakioshi.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililoninyima usingizi. Mei 1864, kule New Market, Virginia, safu yake ilipasuka katikati. Nyuma walikuwepo wanafunzi wa chuo cha kijeshi, zaidi ya 200, wengine wa miaka 15. Inasimuliwa kwamba alisema: waingizeni hao vijana, na Mungu anisamehe kwa amri hii. Wakaingia. Alishinda siku ile. Kumi kati yao walikufa.

Na wewe, Yaya, siku ya matanga ya mama.

Sombe lilikuwa bado motoni. Wazee wameketi, mvua inapiga turubai, mwanangu anagawa maji. Ulishika kipaza sauti tukidhani unamsifu mama. Ukaanza habari za kule nyumbani, za vijana walioingia msituni, na ulisema vizuri, hilo sikatai, hata mimi mwili ulinisisimka. Kisha ukaweka mkono begani kwa mwanangu, kikombe bado mkononi mwake, ukasema: "Huyu naye ameshakuwa mwanaume. Mungu atusamehe, lakini akitaka kwenda msimzuie." Ana miaka kumi na saba! Nilikiona kile kikombe kikitetemeka.

Ndiyo, nilikunyang'anya kipaza sauti mbele ya wazee. Ndiyo, nilikwambia utoke, ukatoka hujala, kwenye matanga ya mama yako mzazi. Watu wanasema mdogo hamfukuzi mkubwa, na wana haki ya kusema. Lakini wao hawakuwa wanamtazama mtoto usoni. Mimi nilikuwa namtazama. Ningefanya tena.

Sijasahau kwamba kambini Nyarugusu, tulipokuwa wakimbizi, ulikuwa unanigawia unga wako na kusema umeshiba. Ulinifundisha kusoma kwa kuandika na kijiti mchangani. Ndiyo maana imeniuma hivi. Angekuwa mtu mwingine ningemsahau kabla turubai halijakunjwa.

Huyo Breckinridge, Kusini kuliposhindwa, alitorokea Cuba kwa mashua ndogo, akatangatanga Uingereza na Kanada. Msamaha ulipotolewa Krismasi ya 1868, akarudi. Machi 1869 alishuka Lexington. Siasa akaikataa walipomfuata. Akashika kazi yake ya uwakili, na Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, walipokuwa wanaua watu usiku akawalaani hadharani. Akafa 1875, ana miaka 54 tu.

Nakushauri na wewe urudi. Urudi ukae, usirudi kuhutubia. Hakuna atakayekuuliza kitu mlangoni, mimi mwenyewe nitawanyamazisha. Na usiniambie nimekuwa mwoga tangu nipate karatasi za huku. Nilizika wawili kule kabla hujaja kunitafuta, unajua ni akina nani.

Kijana anamaliza shule mwezi Mei. Wamempa tiketi sita za ukumbini. Jana nilimkuta anazipanga mezani na kuandika majina nyuma yake kwa penseli. Yako ni ya pili, baada ya mama yake. Sikumwambia kitu. Niliiacha pale pale mezani.