Barua ya wazi kwa vijana wa ghorofani: nani ameshika mkia?

Wanangu mafundi, saidia fundi, na ninyi mabinti mnaobeba zege,

Salaam kwenu. Juzi nilikwenda Kariakoo kununua bawaba, nikajikuta nimesimama mtaani shingo juu kama mgeni wa mjini. Ghorofa ya nne, mirunda miwili imetokezea madirishani, juu yake mbao, na juu ya mbao vijana watatu wanapiga plasta. Chini yao hakuna mlingoti hata mmoja, ni bati za jirani na nyaya za umeme. Vijana wanacheka, mikono inakwenda, kazi safi. Mimi nikarudi Buguruni na bawaba zangu na usingizi ukanipaa, maana huko ndani sikuweza kuona: ile mirunda mkiani imeshikwa na nini?

Silaumu jukwaa lenyewe. Viwanja vya Kariakoo vimebanana ukuta kwa ukuta, na jirani hakubali usimamishe mlingoti juu ya bati lake. Jukwaa halina budi kuchomoza kutoka ndani ya jengo. Kampuni kubwa huchomoza vyuma vyenye umbo la herufi I, sisi tunachomoza mirunda ya mkaratusi, lakini mnyama ni yuleyule: kichwa kiko nje, mkia uko ndani. Wewe unasimama kichwani.

Mwaka 1991 nilikuwa fundi kijana kwenye jengo moja la ghorofa mbili, sitalitaja. Jukwaa letu lilikandamizwa mkiani kwa viroba vinane vya mchanga. Mwenzangu alikuwa nje anamalizia kona. Mimi nilikuwa nimeingia ndani kuchukua kibao changu, nikasikia mrunda unagonga dari, ko, mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi. Nilipogeuka dirisha lilikuwa jeupe. Mwenzangu alishukia kwenye bati la jirani, nyonga ikavunjika, hadi leo anatembea na fimbo. Chumba cha pili nilimkuta kijana wa miaka kama kumi na saba ameshika chepe, anachanganya udongo wa sakafu, yaani mchanga na saruji. Mchanga ulikuwa umewaishia, akaona viroba vimekaa tu. Aliacha viwili. Vile sita alivyomimina alikuwa amevikunja vizuri na kuvipanga pembeni.

Sasa tupige hesabu, na hii haihitaji injinia. Watu watatu, kilo 210. Ndoo nne za udongo za lita 20, kila moja kilo 40 hivi, jumla 160. Mbao na mirunda yenyewe, weka 130. Hizo ni kilo 500. Chukulia uzito huo umekaa mita 1 nje ya ukingo wa zege, na mrunda umeingia ndani mita 2. Mkia unanyanyuliwa kwa nguvu ya kilo 250. Ukiingiza ndani mita 1 tu, ni kilo 500. Ukiingiza nusu mita kwa sababu chumba kimejaa vigae, ni tani nzima, na hakuna kiroba wala mjomba wa kuishika. Halafu zidisha mara tatu, kwa sababu watu hawasimami palepale ulipowapangia kwenye hesabu. Mmoja akiangusha mwiko wote wanakwenda upande mmoja kuchungulia, mrunda mmoja unabeba mzigo wa miwili.

Kuna jambo mafundi wazuri kabisa hulisahau. Pale ukingoni mrunda unapoegemea panabeba kilo 500 za nje pamoja na zile 250 za mkia, yaani 750. Halafu nakuta mtu ameegemeza juu ya tofali la dirisha lililojengwa jana! Egemeza kwenye jamvi, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, au boriti ya zege iliyokomaa, na weka kipande cha ubao chini yake ili mrunda usiteleze.

Kanuni za Wachina za 2011 kwa majukwaa ya namna hii zinataka chuma kiingie ndani angalau mara 1.25 ya sehemu iliyotoka nje, kifungwe kwa pete za nondo zilizozamishwa kwenye jamvi siku ya kumwaga zege, na jamvi lenyewe liwe na unene wa milimita 120 au zaidi. Mimi kwa mirunda sikubali chini ya mara mbili, kwa kuwa mrunda hautoki kiwandani. Una jicho, una ufa uliojificha chini ya gamba. Menya gamba kwanza, uangalie.

Kama pete za nondo hazikuwekwa, tumia jeki ya chuma: isimame juu ya mkia, ikaze hadi jamvi la juu, na huko juu weka ubao ili isitoboe zege. Iwe zege iliyokomaa, si ya wiki hii. Kila asubuhi kabla mtu hajakanyaga nje, ikazwe tena, maana mti hunywea na mtikisiko hulegeza.

Viroba vya mchanga achaneni navyo. Mchanga mbichi ukikauka unapungua uzito mbele ya macho yako, na kiroba kikitoboka hakikuambii. Kanuni za usalama kazini za Marekani, kwa majukwaa yanayoning'inia kwenye boriti zilizochomozwa, zimekataza mchanga na kokoto, na zimekataza hata matofali na vifaa vingine vya ujenzi kuwa uzito wa kukandamizia. Niliposomewa hilo nilimkumbuka yule kijana na chepe lake. Kitu chenye kazi nyingine saiti, atatokea mwenye shida nacho.

Kwa hiyo mkia uwe na mtu wake. Upakeni rangi nyekundu, na foremani awaambie fundi bomba, fundi umeme na watu wa vigae, kwa mdomo, kila asubuhi: chenye rangi nyekundu hakiguswi. Siku ya kubomoa, watu na mbao za nje hutoka kwanza, jeki hufunguliwa mwisho. Nimeona wakifanya kinyume ili wawahi daladala.

Mkanda wa usalama nao, usiufunge kwenye jukwaa. Likienda, mnakwenda wote. Funga kwenye nguzo ya zege ndani. Na nje pawe na kizuizi usawa wa kiuno. Kamba ya katani si kizuizi.

La karatasi nalisema upesi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umetokana na sheria ya 2008, na anayeuchangia ni mwajiri, wewe hukatwi kitu. Lakini kibarua asiye na jina kwenye daftari la saiti atathibitishaje kwamba alikuwepo siku ile? Dai jina lako liandikwe kabla hujapanda. Foremani akinuna, mwache anune.

Yule kijana hakupigwa wala kutukanwa, ingawa wapo waliotaka. Tulipomuuliza, alijibu swali kwa swali: "Kwani vilikuwa vya nini?" Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amemwambia, na mimi nilikuwa wa kwanza kati yao, maana viroba nilivipanga kwa mikono yangu. Aliondoka mchana ule bila kunawa udongo. Posho yake ya siku ilibaki kwa foremani hadi Jumamosi, haikuja kuchukuliwa.

Ni mimi mzee wenu,
Fundi mstaafu, Buguruni