Kabla ya picha ya hundi, tuonyesheni taka zinakoelekea

Mhariri,

Mvua ikianza tu, magazeti hujaa picha za mameneja waliovalia fulana mpya wakipanda miche, au wakikabidhi shule hundi kubwa ya kadibodi. Tunaambiwa huo ndio uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Sisi tunaoishi Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, ambako Mto Ngong hutufikia ukitokea Eneo la Viwandani, tungependa kwanza kujua ni nani anayeyabadilisha rangi maji yake.

Wajibu huu haukuanza na hundi. Mchumi Mmarekani Howard Bowen, katika kitabu chake cha mwaka 1953, alizungumzia maamuzi ya mfanyabiashara na jinsi yanavyogusa maisha ya watu. Mwaka 1991 Archie Carroll, msomi wa usimamizi wa biashara, akaupanga kwa ngazi nne: chini kabisa faida, kisha kutii sheria, kisha kutenda haki, na misaada juu kabisa. Wengi hapa Nairobi wameparamia ngazi ya juu bila kukanyaga za chini. Hata mchumi Milton Friedman, anayependwa na wenye kampuni kwa kuandika mwaka 1970 kwamba wajibu wa biashara ni kuongeza faida, aliweka sharti: bila ulaghai, na kwa kufuata kanuni. Kiwanda kinachofungulia uchafu mtoni usiku kimeanguka hata mtihani wa Friedman, na sidhani kuna mtihani rahisi kuliko huo.

Wapo wanaotaka tuige India, ambako sheria ya 2013 inazitaka kampuni kubwa kutumia asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu kwa miradi ya jamii. Mimi hilo halinivutii. Nataka kujua faida yenyewe ilipatikanaje. (Ufadhili wa masomo siubezi, umewafaa watoto wengi.)

Isitoshe, sheria tunayo. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Kampuni ya 2015 kinamtaka mkurugenzi azingatie maslahi ya wafanyakazi, uhusiano na wanaoiuzia kampuni bidhaa, na athari za shughuli zake kwa jamii na mazingira. Ni nani anayemuuliza?

Basi waandishi wako wakialikwa kwenye hafla ya hundi, waulize. Maji taka ya kiwanda yanaelekea wapi? Ni vibarua wangapi waliofanya kazi humo miaka na miaka bila kuajiriwa rasmi? Mfanyabiashara mdogo akileta bidhaa hulipwa baada ya siku ngapi? Majibu yachapishwe papo hapo, chini ya picha.

Mkazi wa Mukuru,
Nairobi