Barua ya wazi kwa mjomba wangu wa Hombolo kuhusu uvimbe ulioota kwenye neva

Shikamoo Mjomba, na mbukwenyi kwa wote walioko nyumbani.

Umeniruhusu nikujibu hadharani kwa sharti kwamba nisitaje jina lako, kwa kuwa hapo kijijini wapo wengine wenye vinundu vya namna hiyo, na maandishi ya simu hufika mahali ambapo mimi sifiki. Uliniuliza kama kinundu kilichoota juu ya kiwiko chako cha kulia ni kansa, na kama umlipe yule bwana wa zahanati anayesema atakiondoa kwa nusu saa. Naanza na la pili kwa sababu ndilo lenye haraka: tafadhali usimruhusu akukate.

Sisemi hivyo kwa kumdharau. Wapo matabibu wengi wanaoondoa uvimbe wa mafuta kwa sindano ya ganzi, na mgonjwa akarudi shambani bila tatizo lolote. Nasema hivyo kwa sababu ya maneno yako mwenyewe. Ulinieleza kwamba kila kinundu hicho kinapogusa waya wa kichanja unapopogoa mizabibu, unapigwa shoti inayoteremka hadi kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, na kwamba siku hizi ncha za vidole hivyo zina ganzi asubuhi. Uvimbe wa mafuta haufanyi hivyo, wala mtoki haufanyi hivyo. Shoti inayopita njia ileile na kuishia kwenye vidole vilevile ni dalili kwamba uvimbe umeota kwenye mshipa wa fahamu, na mshipa wa fahamu unaopita upande wa ndani juu ya kiwiko na kuishia kwenye vidole hivyo ni mmoja tu, ambao madaktari huuita neva ya alna. Ni huohuo unaokutoa machozi ukijigonga kiwiko kwenye ukingo wa meza.

Dalili hiyo ya kugonga ina historia inayonivutia kila ninapoikumbuka. Daktari Mfaransa, Jules Tinel, aliiandika mwaka 1915 kutokana na askari waliojeruhiwa neva vitani, na mwaka huohuo Mjerumani Paul Hoffmann akaandika jambo lilelile, nchi zao zikiwa zinapigana. Hadi leo haihitaji chombo chochote zaidi ya ncha ya kidole cha daktari.

Lipo jaribio jingine unaloweza kulifanya mwenyewe. Kaa, ulegeze mkono juu ya meza, kisha ukishike kinundu kwa vidole viwili na kukisukuma kwa upole kwenda kushoto na kulia, halafu kwa kufuata urefu wa mkono, kuelekea begani na kuelekea kiganjani. Uvimbe ulioshikana na neva hukubali kusogea kwa upande, lakini hugoma kusogea kwa urefu, kwa sababu neva yenyewe imeushikilia juu na chini. Usilirudierudie jaribio hili. Mara moja inatosha, na ukipigwa shoti uache.

Sasa nije kwenye kansa. Neva ni fungu la nyuzi zilizogawanyika katika vifungu vidogo, na kila kifungu kina kazi yake: hiki hupeleka amri kwenye misuli, kile hurudisha habari za moto, baridi na maumivu kutoka kwenye ngozi. Nyuzi hizo zimezungukwa na seli za kuzilinda ambazo zilielezwa na Mjerumani Theodor Schwann mwaka 1839, na jina lake limebaki juu ya seli hizo. Seli hizo zikianza kujizidisha bila kipimo, hujenga uvimbe ndani ya ganda la neva unaoitwa shwanoma. Shwanoma si saratani. Haisambai kwenda kwenye mapafu wala maini, hukua polepole kwa miaka, na kugeuka kwake kuwa saratani ni jambo nadra mno. Hata hivyo ni ugonjwa usiozoeleka, kwani katika jumla ya uvimbe wa nyama laini za mwili usio saratani, shwanoma hutajwa kuwa takriban 5 kwa kila 100. Ndiyo maana tabibu anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuitambua, na siku ikimjia mbele yake akaidhania kuwa mtoki au uvimbe wa mafuta.

Ipo na ndugu yake, neurofibroma, iliyoelezwa kwa kina na Friedrich von Recklinghausen mwaka 1882, ambayo nayo kwa kawaida si saratani. Daktari atakuvua shati ili aone kama ngozi yako ina vinundu vingi au madoa bapa yenye rangi ya kahawa ya maziwa. Mtu mzima mwenye madoa 6 au zaidi, kila moja likizidi milimita 15, hushukiwa kuwa na ugonjwa wa kurithi ambao humpata takriban mtoto 1 katika kila 3,000 wanaozaliwa, na hao wanahitaji uangalizi wa maisha, maana kwao hatari ya uvimbe wa neva kugeuka saratani hukadiriwa kati ya 8 na 13 kwa kila 100. Sikumbuki kukuona na madoa ya namna hiyo, wala kwa bibi, lakini kuangaliwa hakugharimu kitu. Dalili nyingine za kumshtua daktari ni uvimbe unaokua haraka katika muda wa wiki au miezi michache, maumivu yanayokuamsha usiku hali mkono umetulia, au mkono unaopoteza nguvu kwa kasi. Kwa ulivyonieleza, huna hata moja ya hizo.

Kuhusu zile chale ulizochanjwa juu ya uvimbe, sitabishana nawe wala na aliyekuchanja. Ninachoomba ni kwamba zisiongezwe, kwa sababu kovu na usaha mahali pa kupasuliwa humwongezea mpasuaji kazi, na mara nyingine humlazimu kuahirisha upasuaji wenyewe.

Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi, ambayo ni nafuu kuliko MRI (kile kipimo cha picha kinachotumia sumaku) na inapatikana hospitali nyingi. Mpimaji aliyezoea huweza kuiona neva ikiingia kwenye uvimbe upande mmoja na kutoka upande wa pili, na hapo nusu ya ubishi huwa imekwisha. MRI huonyesha zaidi: uvimbe umelala upande gani wa neva, ukubwa wake, na umepakana na mishipa gani ya damu. Katika baadhi ya picha zake uvimbe wa aina hii huonekana una mviringo mweupe wenye kiini cheusi katikati, jambo linalompa daktari imani kwamba anachokitazama ni uvimbe wa neva usio saratani, ingawa picha peke yake haiwezi kutenganisha shwanoma na neurofibroma kwa uhakika.

Huenda ukaambiwa ukapime kinyama kwa sindano kabla ya upasuaji. Hapa naomba uulize kwa adabu kama kuna ulazima. Sindano ikipita kwenye neva inauma sana na inaweza kujeruhi nyuzi, na pale ambapo historia, kidole cha daktari na picha vyote vinasema jambo moja, mabingwa wengi huona ni bora kuutoa uvimbe wote kwa utaratibu kisha ndipo upimwe. Kukiwa na dalili za saratani nilizotaja hapo juu, hali ni tofauti, na kinyama ni lazima kipimwe kwanza.

Si kila shwanoma hupasuliwa. Uvimbe mdogo usiouma na usiozuia kazi unaweza kuachwa na kufuatiliwa kwa picha, na mimi ningeupendekeza mwenendo huo kwa mtu ambaye kinundu chake hakimsumbui. Wako unagonga waya kila siku na umeanza kukutia ganzi vidoleni, kwa hiyo nadhani daktari atakushauri uondolewe, nami nitakubaliana naye.

Upasuaji wenyewe, tofauti na unavyoahidiwa hapo zahanati, hufanyika kwa nusukaputi, na mtoa usingizi huombwa mapema asitumie dawa ya kulegeza misuli inayodumu muda mrefu, kwa sababu misuli iliyolegezwa haiwezi kujibu neva inapojaribiwa. Mpasuo huwa mrefu kuliko uvimbe, na hilo huwashangaza wagonjwa wanapofunguliwa bandeji. Mpasuaji huanza kwa kuitafuta neva nzima juu ya uvimbe na chini yake, ndipo auendee uvimbe akiwa anajua inakotoka na inakokwenda. Huvaa miwani ya kukuza, au hutumia hadubini ya upasuaji, kwa kuwa vifungu vya nyuzi vimetandazwa juu ya uvimbe vikiwa vyembamba kiasi kwamba jicho tupu huviona kama utando.

Kisha huchukua kijiti chenye umeme mdogo na kugusa uso wa uvimbe, sehemu baada ya sehemu. Mimi ninayesaidia chumba cha upasuaji, kazi yangu saa hiyo mara nyingi ni kuvitazama vidole vya mgonjwa. Mpasuaji hugusa, nami hujibu, "Kidole cha mwisho kimecheza," naye huhama, hugusa tena, nami husema, "Kimya." Akipata ukanda ambao hakuna kinachocheza, hapo ndipo hupasua ganda kwa kufuata urefu wa neva, kamwe si kwa kuikatiza. Shwanoma ikifunguliwa vizuri hutoka kama nyama ya zabibu inavyoponyoka kwenye ganda lake ukiibana taratibu, ganda likabaki mahali pake. Kwa kawaida hubakia kifungu kimoja au viwili vilivyoingia ndani ya uvimbe, navyo hujaribiwa kwa umeme, na visipojibu hukatwa, kwa kuwa vilikuwa vimekwisha kufa kazi. Neurofibroma ni ngumu zaidi, maana nyuzi nyingi hupita katikati yake, na mara nyingine mpasuaji mwenye busara huacha kipande kuliko kuuharibu mkono.

Mjomba, hofu yangu kuhusu nusu saa ya ganzi inatokana na nilichokiona. Tulimpokea kijana wa bodaboda aliyekuwa ameondolewa "tezi" mahali fulani, palepale ulipo uvimbe wako. Alileta mkono wenye kidole cha mwisho na cha pete vilivyojikunja visinyooke, na shimo kati ya kidole gumba na cha shahada pale ambapo misuli ilikuwa imenywea. Hakuweza kubana ufunguo wa pikipiki. Uvimbe ulikuwa umekatwa pamoja na neva. Neva iliyokatwa huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka juu ya kiwiko hadi misuli ya kiganja ni sentimita 35 hivi, yaani karibu mwaka mzima, hata kama imeunganishwa vizuri kwa kipande cha neva kilichotolewa mguuni. Misuli iliyokaa zaidi ya mwaka mmoja au mwaka na nusu bila amri kwa kawaida haiamki tena. Mtu anayeishi kwa mkasi wa kupogolea hawezi kuibahatisha neva hiyo.

Baada ya upasuaji sahihi, tarajia vidole kuwa na ganzi au kuchomachoma kwa wiki kadhaa, pengine miezi, kwa kuwa neva iliyoguswa hukasirika kwanza. Nyuzi za kushonea hutolewa kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakuonyesha namna ya kuvichezesha vidole. Shwanoma iliyotolewa yote ni nadra kurudi.

Kwa hapa kwetu, anza na barua ya rufaa kama utatumia bima, halafu uje Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ambako kuna MRI, na hutalazimika kusafiri kwa ajili ya picha. Ikionekana kwamba kazi inahitaji bingwa wa MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, usiogope safari, maana tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakufikisha Dar es Salaam bila kulala njiani. Popote utakapopasuliwa, muulize mpasuaji mambo haya kabla hujasaini fomu: uvimbe huu umeota kwenye neva gani, kifaa cha kuijaribu neva kwa umeme kipo, na akikuta mambo tofauti ndani atafanya nini. Daktari anayeijua kazi yake hatachukia.

Uvimbe utakaotolewa upelekwe maabara ya patholojia, usitupwe wala usipewe uende nao nyumbani kwenye chupa. Chini ya hadubini, shwanoma ina maeneo yaliyosongamana na maeneo yaliyolegea, mpangilio ambao Msweden Nils Antoni aliueleza mwaka 1920, na mtaalamu akiuona huandika jina la ugonjwa bila kusitasita. Watu wengi wakishapona kidonda hawarudi kuchukua majibu hayo. Wewe urudi, uombe nakala ya karatasi na uihifadhi pamoja na kadi yako ya bima, kwa sababu kikiota kinundu kingine mahali popote, daktari atakayekuona atataka kujua cha kwanza kilikuwa nini.

Mavuno yamalizike kwanza. Wiki chache hazitaharibu kitu. Katika muda huo funga kitambaa laini juu ya kiwiko unapoingia kwenye vichanja, na ukishapata barua ya rufaa nipigie nikueleze siku za kliniki.

Mpwa wako,
Dodoma mjini