Kabla ya kuushangilia E-Cat, pimeni maji yake

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili imeusifu mtambo wa E-Cat wa Mwitaliano Andrea Rossi, unaodaiwa kutoa joto jingi kuliko umeme unaoula, na wanaoutilia shaka mmewaita wenye wivu. Mimi si mwanasayansi. Nimechochea boila ya kuni miaka 26 katika kiwanda cha chai huku Mufindi, na swali langu ni la maji.

Januari 2011, mjini Bologna, Rossi na Profesa Sergio Focardi walionyesha mtambo uliokula umeme wa takriban kilowati moja na kutoa, kwa hesabu yao, joto la kilowati kama 12. Hesabu hiyo inasimama tu ikiwa maji yote yaliyoingia yalitoka yakiwa mvuke mkavu, yaani usiobeba matone ya maji. Kilo moja ya maji ya nyuzi 20 inahitaji kilojuli kama 335 kufika nyuzi 100. Kuigeuza mvuke inataka nyingine 2,257. Kwa hiyo maji yakitoka yamechemka tu, nawe ukayaandika mvuke, joto lako limekua karibu mara nane kwenye daftari bila kuongeza hata ukuni mmoja. Kipimajoto hakikusaidii, kwa kuwa maji yanayochemka na mvuke vyote kinavisoma 100. Na huo ukavu waliuthibitisha kwa kifaa gani? Cha kupimia unyevu wa hewa, ambacho hakihesabu matone ya maji!

Yalitukuta na sisi mwaka 1998. Chai ilitoka kwenye mashine ya kukaushia ikiwa bado inanata vidoleni, lakini mita ya bomba ilionyesha mvuke unapita vizuri, basi lawama zikawaangukia watu wa kunyausha majani. Zamu mbili nzima watu wanagombana. Mzee aliyenifundisha kazi akaja na spana, akafungua koki ya chini ya bomba. Maji ya moto yakamrukia hadi kwenye buti. Boila ilikuwa imejazwa kupita kiasi, inatema maji, na mita ikayahesabu yote kuwa mvuke. Mita ile haikuwa mbovu. Ilikuwa inapima kitu kingine.

Mtaniambia lipo jaribio la E-Cat la Lugano, Uswisi, la 2014, la siku 32, ambalo halikuwa na mvuke. Kweli, pale walitumia kamera inayosoma joto kwa mbali kwenye ganda la mtambo, la alumina, aina ya kauri. Lakini kamera hiyo lazima iambiwe kwanza ganda linatoa mnururisho kwa kiwango gani. Ikipewa kiwango kidogo kuliko cha kweli, inasoma moto usiokuwepo. Halafu mtambo ulipojaribiwa mtupu, bila kile kilichodaiwa kuwa fueli yake, haukupewa umeme mwingi kama wa jaribio lenyewe. Huo ni ulinganifu gani?

Kesi ya Rossi na wafadhili wake wa Marekani iliisha kwa maelewano mwaka 2017, na mahakama haikuamua lolote kuhusu vipimo vya mtambo.

Sisi tukitaka kujua mvuke una maji kiasi gani, tunachukua pipa la maji baridi, tunalipima uzito na joto, tunazamisha mdomo wa bomba la mvuke humo kwa dakika kumi, kisha tunapima tena: uzito ukiongezeka sana na joto kidogo, mvuke ulikuwa na maji. Ni kazi ya nusu saa, na mizani tunaazima ghala la mahindi. Mwandishi wenu akimpata Rossi, amuulize siku ile Bologna pipa lilikuwa wapi.

Fundi boila mstaafu,
Mafinga, Iringa