Medali za wazee wetu zitunzwe Mtwara

Mhariri,

Naandika kuhusu medali za wazee wetu waliopigana Vita vya Kagera, 1978–1979, ambazo baada ya msiba hukosa mwenyewe. Ya marehemu baba imo sandukuni hapa Mtwara, utepe umefifia, pini imeshika kutu. Watoto tuko wengi na haigawanyiki. Kumuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu ni kumvunjia baba heshima.

Naiomba halmashauri itenge kabati la kioo, ikiwezekana jirani na makaburi ya mashujaa Naliendele, walikozikwa askari wetu waliokufa katika ukombozi wa Msumbiji. Familia zikabidhi kwa maandishi, pamoja na picha na maelezo: jina, kikosi, alikopigana. Bila hayo medali haimtambulishi mtu. Wenzao wachache wangali hai, waulizwe sasa.

Mtoto wa askari,
Mtwara