Risala ya klabu ya mazingira: mgeni rasmi, miche ya mwaka jana ilikufa

Mgeni rasmi shikamoo, wazazi na walimu wote mliokaa hapo kwenye turubai shikamooni, wenzetu mambo vipi. Sisi ni klabu ya mazingira ya hii shule yetu ya hapa Dodoma, na tunashukuru umewahi maana mwaka jana tulisubiri juani mpaka saa nane.

Tuseme ukweli tu. Mwaka jana mwezi wa nne tulipanda miche 200, picha zikapigwa, wageni wakaondoka, na mvua nayo ikaaga siku chache baadae. Leo iliyo hai haijazi hata vidole vya mkono mmoja. Tulisemwa sana eti hatumwagilii, wakati tulimwagilia mpaka kisima kikatugomea, ndo tukaanza kujiuliza hivi mti unakunywaje maji na yanaendaga wapi.

Mwalimu wa bailojia akatwambia tufunge mfuko wa plastiki kwenye tawi la mwarobaini asubuhi (ni ule wa mkate jamani, sheria hatujavunja). Kufika saa sita mfuko una ukungu ndani na chini yamejikusanya maji ya kujaza kizibo cha soda. Tawi moja tu hilo.

Kumbe jani lina vitundu vidogo sana, vingi viko upande wa chini, vinaitwa stomata, mti unavifungua ili hewa ukaa iingie itengenezwe chakula, sasa mlango ukiwa wazi maji nayo yanatoka, na kwa kila chembe moja ya hewa ukaa inayonaswa zinapotea chembe za maji mia kadhaa. Ni biashara kichaa lakini mti hauna nyingine. Hiyo hewa ndo inageuka mbao, mti mkavu karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, yani mkaa huu huu tunaopikia.

Mwenzetu mmoja akauliza, kama hewa ukaa imeongezeka, maana 1958 ilikuwa kama chembe 315 katika kila chembe milioni za hewa na sasa imepita 420, si ndo neema, mti unafungua mlango kidogo tu unashiba? Kuna ukweli ndani yake. Shida ni joto. Hewa ikipanda nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, kwahiyo ikiwa kavu inayanyonya majani vibaya mno. Na mti unavuta maji kutokea juu, kama wewe na mrija wa soda, kule Kilimanjaro kuna mkukusu wa mita 81.5, mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, unapandisha maji hivyo hivyo bila pampu. Ila udongo ukikauka mvuto unazidi, hewa inapenya ndani ya mirija midogo ya mti inayopandisha maji, na mrija ulioingia hewa haupandishi kitu. Ufunge milango ufe njaa, uache wazi mirija iingie hewa. Mbuyu wetu hapo getini unajua kuishi, kiangazi unamwaga majani yote unafunga duka. Sasa mche wenye mizizi ya shibiri moja utaiweza wapi hiyo mechi mwezi wa nane?

Nyuma ya madarasa kuna visiki vya migunga vilivyokatwa zamani kwa mkaa, kila mvua vinachipua, kila mara mbuzi wanakula. Tukachukua kumi na mbili, tukachagua machipukizi matatu manne yaliyonyooka, mengine tukapogoa, tukafunga vitambaa vyekundu watu wajue yana wenyewe. Wakulima wa huku wanaita kisiki hai. Hatujamwagilia hata kopo moja, mizizi ilishafika chini kabla sisi hatujazaliwa, na sasa hivi yanamfika mwalimu wa zamu kifuani.

Kwahiyo mgeni rasmi, ile miche tuliyosikia iko njiani tunaomba utubadilishie, tupate seng'enge ya kuzungushia visiki na tangi la maji, na mwenyekiti wa mtaa, tunamuona hapo anacheka, atusaidie kuongea na wenye mbuzi.

Shimo la kupanda tumechimba moja tu, la mkwaju, liko karibu na bomba na ndoo iko pale. Ukimaliza tutakupeleka nyuma ukapogoe kisiki cha kumi na tatu, tumekuachia. Ila iwe kabla ya saa kumi, mkasi ni wa kuazima.